Kutaka si kupenda: ubongo, maneno na kazi ya mfasiri

Kwa kawaida tunadhani kwamba mtu hutaka kile anachokipenda. Uchunguzi wa ubongo unaonyesha kuwa mambo haya mawili yanaweza kutengana. Makala hii inaeleza jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa, kisha inatazama linatuhusu vipi sisi wanafunzi wa lugha.

Mwaka 1954, mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner waliingiza nyaya nyembamba katika ubongo wa panya. Kila panya alipobonyeza kifaa, umeme kidogo ulipita humo, na panya wakabonyeza mamia ya mara kwa saa. Wengi walihitimisha kwamba makao ya raha yamepatikana. Baadaye dopamini, kemikali inayopitisha habari kati ya seli za neva, ikaitwa kemikali ya raha.

Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walikuja kulitilia shaka jina hilo. Panya akionja sukari hulamba midomo, kama afanyavyo mtoto mchanga. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakukigusa chakula kilichokuwa mbele yao. Wasipolishwa, wangekufa njaa. Lakini walipotiwa sukari kinywani, walilamba midomo kama kawaida. Kutaka kulikuwa kumekwisha, kupenda kulibaki.

Naye Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za kima. Kima alipopewa maji ya matunda bila kuyatarajia, seli zilichangamka. Alipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani huyatangulia maji hayo, seli zilichangamka kwa ishara, si kwa maji yenyewe. Ishara ikija na maji yasije, utendaji wake ulishuka. Kwa hiyo seli hizo hupima tofauti kati ya kinachotarajiwa na kinachopatikana.

Mwaka 1993 Terry Robinson na Berridge walitumia fikra hii kueleza uraibu: dawa za kulevya huzidisha makali ya kutaka, hata pale ambapo kupenda hakuongezeki au kumepungua. Basi mlevi anayesema, "Pombe siipendi tena, lakini naitaka," huenda anasema kweli tupu.

Hapa mwanaisimu anaweza kuvutwa kusema kwamba Kiswahili kilijua haya zamani, kwa kuwa kina vitenzi viwili. Tusiharakishe. Katika Kilingala kitenzi kimoja, *kolinga*, hutosha: *nalingi mai* ni "nataka maji", *nalingi yo* ni "nakupenda". Je, msemaji wa Kilingala ana ubongo wa namna nyingine? Hapana. Panya hana neno hata moja, na mgawanyiko huo umo ndani yake. Isitoshe, Kiswahili chenyewe huvuka mpaka huo: "ningependa maji" ni ombi la mtu anayetaka, na katika "mvua inataka kunyesha" hakuna anayetamani chochote. Msamiati wa lugha si ramani ya ubongo.

Hata hivyo, maneno yana uzito katika kazi. Anayemhoji mraibu akiuliza, "Unapenda pombe?" anaweza kujibiwa "hapana", akaandika kwamba hakuna tatizo. Anayetafsiri hali hiyo kwa "tamaa" ameshatoa hukumu, maana kwetu tamaa ina lawama: tamaa mbele, mauti nyuma. Na anayehoji kwa Kilingala hana budi kuongeza maneno ili atenganishe kile ambacho *kolinga* inakiunganisha.

Tukipewa matini ya saikolojia tuitafsiri, tujiulize kwanza: mwandishi anazungumzia mvuto unaomsukuma mtu kwenda, au raha anayoipata akifika? Kwa la kwanza tuandike *kutaka*, kwa la pili *kupenda*, na tusibadilishane maneno hayo kwa ajili ya kupamba sentensi. Mgonjwa anayeulizwa swali sahihi ndiye anayeweza kutoa jibu la kweli.