Upepo Unaopandisha Mwamba: Mafunzo Niliyopata

Nimekusanya sampuli kwenye mitambo ya uchorongaji upande wa Nyamongo, Tarime, na ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti. Upepo wa kompresa hushuka kati ya bomba la nje na la ndani, huendesha nyundo chini, kisha hupanda kupitia bomba la ndani umebeba chenga za mwamba mpaka kwenye saikloni, chombo kinachozitenga na upepo ili chenga za kila mita ziingie kwenye mfuko wake.

1. Usikimbilie mita inayofuata. Chenga hupanda pale tu kasi ya upepo inapozidi kasi ambayo chenga yenyewe ingeanguka nayo. Chenga kubwa yenye kipenyo mara 4 hudai upepo wa kasi kama mara 2 tu. Kwa dhahabu mambo hubadilika: ina uzito zaidi ya mara 19 ya maji, mwamba wenyewe karibu mara 3. Punje ya dhahabu iliyoachana na jiwe huchelewa kuliko chenga ya ukubwa uleule. Kwa hiyo mita ikiisha, mwendesha mtambo aache upepo upulize mpaka bomba libaki tupu. Akiwa na haraka (na wengi hulipwa kwa mita), dhahabu itavuja kwenye mifuko inayofuata, na mshipa wa nusu mita utasomeka kama wa mita tatu. Mtu atachimba duara (shimo la mgodi) kwa kuamini karatasi ya majibu ya sampuli hizo!

2. Bomba huziba chini, hulika juu. Upepo uliobanwa hutanuka kadiri unavyopanda, hivyo mwendo ni mdogo karibu na nyundo na mkali karibu na saikloni. Hozi ya juu, hasa kwenye kona, ndiyo ya kukaguliwa kila siku.

3. Maji huharibu sampuli. Unga ukilowa hugeuka tope na kunata ndani ya bomba. Kompresa ikishindwa kulikausha shimo, simamisha.

4. Pima kila mfuko. Shimo la milimita 140 hutoa takribani kilo 40 kwa mita. Mizani ikisoma 25, mwamba umebaki shimoni au umepeperuka.

5. Vumbi lile lina silika. Kitambaa mdomoni hakitoshi.

Mchimbaji mdogo unayekodi mtambo kwa fedha za kuungaunga, kabla hujasaini ulizia ukubwa wa kompresa na uione mizani. Kompresa ikiwa ndogo au mizani isipokuwepo, usilipe.