Homoni na Tabia ya Kupandana kwa Wanyama Dume

Wafugaji wetu wamejua tangu zamani kwamba fahali akihasiwa hugeuka kuwa maksai: ukali wake hupungua, hukubali nira, na hamu yake ya kupanda majike hufifia. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini haukueleza ni kitu gani kitokacho katika korodani na kuutawala mwili mzima. Tena umeandamana na imani isiyo sahihi, kwamba kadiri homoni ya kiume inavyozidi ndivyo dume naye anavyozidi. Makala haya yanaeleza majaribio machache yaliyolijibu swali hilo na kuitengua imani hiyo.

Majogoo wa Göttingen

Mwaka 1849, Arnold Adolph Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alichukua majogoo sita wachanga. Wawili aliwahasi kabisa. Wanne waliosalia walibaki kila mmoja na korodani moja tu, iliyokatwa kutoka mahali pake na kuachwa tumboni. Wengine walibaki na ya kwao wenyewe, wengine walipewa ya wenzao. Wale wawili wa kwanza walikua na undu mdogo uliopauka, hawakuwika sawasawa, wala hawakuwajali kuku majike. Wale wanne wakawa majogoo kamili: waliwika, walipigana, na kuwafuata majike.

Alipowapasua, Berthold aliona kwamba korodani zile zilikuwa zimeota mishipa mipya ya damu, ingawa mishipa ya fahamu ilikwisha katwa. Basi ujumbe wa korodani haukupita katika mishipa ya fahamu, bali katika damu. Kitu chenyewe kilipatikana kikiwa safi mwaka 1935, kikaitwa testosteroni.

Panya aliyehasiwa

Panya dume aliyezoea kupandana akihasiwa, testosteroni katika damu yake hushuka upesi mno. Hata hivyo tabia yake haikomi siku ileile. Kwanza hupotea uwezo wa kutoa manii. Kisha uwezo wa kumwingilia jike. Na mwisho kabisa, baada ya majuma kadhaa, hata kumpanda tu huacha. Akidungwa testosteroni kwa siku nyingi mfululizo, tabia hizo hurejea, ile iliyopotea mwisho ikitangulia kurudi. Yafaa basi ieleweke kwamba homoni haiamrishi tendo papo hapo. Kazi yake ni kuuandaa mwili, ili jike anapotokea, harufu na mwendo wake viweze kuliamsha tendo hilo.

Sehemu kubwa ya maandalizi hayo hufanyika ubongoni. Mwaka 1966 Julian Davidson alionyesha kwamba chembe ya testosteroni ikipandikizwa mbele ya hipothalamasi, chini ya ubongo wa panya aliyehasiwa, huweza kuirudisha tabia ya kupandana, hata kama kiasi chake ni kidogo mno kwa mwili mzima. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ndani ya ubongo sehemu ya testosteroni hugeuzwa na kimeng'enya kuwa estradioli, homoni tuliyozoea kuiita ya kike, na katika panya dume estradioli hiyo ina kazi kubwa katika kuamsha tabia ya kiume.

Je, homoni ikizidi, hamu huzidi?

Swali hili lilijibiwa mwaka 1952 na Jerome Grunt na William Young. Waliwapanga simbilisi dume katika makundi matatu, wenye hamu kubwa, ya kadiri na ndogo, kisha wakawahasi wote. Tabia za makundi yote zikashuka. Ndipo wakawapa wote testosteroni kwa kipimo kimoja. Kama homoni ingekuwa ndiyo kila kitu, wote wangelingana. Sivyo ilivyokuwa: kila kundi lilirudi katika daraja lake la awali. Tofauti yao haikuwa katika kiasi cha homoni, bali katika miili iliyoipokea.

Mazoea nayo yana uzito. Mwaka 1958 Jay Rosenblatt na Lester Aronson walieleza kwamba paka dume waliokwisha pandana kabla ya kuhasiwa waliendelea na tabia hiyo kwa muda mrefu kuliko wasiopata kuizoea. Kwa hiyo mfugaji anayemhasi mnyama aliyekwisha komaa asishangae kumwona bado anapanda majike kwa muda.

Fundisho

Homoni ni ya lazima, lakini haitoshi peke yake. Inafanya kazi pamoja na ubongo, maumbile ya kila mnyama, mazoea, na uwepo wa jike. Mwanadamu si panya, na matokeo ya maabara hayahamishwi kwake ovyo. Lakini jambo moja ni hakika kwake pia: mwanamume mzima wa afya anayejidunga testosteroni bila ushauri wa daktari, akitafuta nguvu, huufanya ubongo wake upunguze ujumbe unaoziamuru korodani kufanya kazi. Hapo korodani husinyaa na mbegu za uzazi hupungua. Atafutaye kuzidishiwa kwa njia hiyo huenda akapoteza hata kile alichokuwa nacho.