Dawa ya Kifafa na Mwendo wa Mwili

Ubongo hutuma habari kwenye misuli kwa njia ya neva. Kwa kawaida habari hizo hutumwa kwa utaratibu. Mtu aliyeshikwa na kifafa huwa na seli nyingi za ubongo zinazotuma habari kwa pamoja, bila utaratibu. Basi huanguka, na mikono na miguu yake hukakamaa na kutikisika. Kifafa si uchawi, wala hakiambukizwi kwa mate ya mgonjwa.

Dawa mojawapo ya kifafa ni fenobabitali. Mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, alieleza kwamba dawa hii huzuia kifafa. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akaitumia kuwatibu wagonjwa.

Dawa hii hutuliza ubongo. Je, ikizidi, mwendo wa mwili huwaje? Wataalamu huchunguza jambo hili kwa panya wa maabara.

Jaribio
1. Panya hufundishwa kutembea juu ya ufito unaozunguka polepole.
2. Kisha hugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza hupewa maji tu, la pili dawa kidogo, la tatu dawa nyingi.
3. Kila panya huwekwa juu ya ufito. Muda anaokaa kabla ya kuanguka hupimwa kwa saa.

Matokeo
Panya waliopewa dawa nyingi huyumba na kuanguka mapema kuliko wenzao. Dawa ikizidi hutuliza hata sehemu za ubongo zinazotunza usawa wa mwili.

Sasa mfikirie mtoto wa Chunya anayemeza dawa hii kila siku. Anaanza kusinzia darasani, na huyumba anapokwenda kuteka maji. Je, aache dawa? La! Akiiacha ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu zaidi. Apelekwe zahanati ili mganga akipime upya kiasi cha dawa yake. Wenzake wasimcheke, wala wasimwache peke yake karibu na moto au mto.

Maswali
1. Kwa nini kundi la kwanza la panya lilipewa maji tu?
2. Kwa nini panya wa kundi la tatu huanguka mapema?
3. Taja hatari moja ya kuacha dawa ya kifafa ghafla.
4. Mwenzako akianguka kifafa karibu na jiko la moto, utafanya nini kwanza?