Pendulamu Mbili: Ya Kijiwe na ya Kompyuta

Mwalimu wa fizikia katika shule isiyo na maabara hulazimika mara nyingi kufundisha majaribio kwa ubao na chaki. Wanafunzi hunakili jedwali la vipimo ambavyo hawakuvipima wao, huchora grafu, kisha huandika hitimisho lililokwisha kuandikwa kitabuni. Siku ya mtihani wa vitendo mkono hutetemeka, kwa kuwa haujapata kushika saa ya kupimia sekunde.

Tangu mwanzoni mwa karne hii zimezuka katika intaneti zana nyingi za kujifunzia zinazotolewa bila malipo. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitayaweka masomo yake hadharani, na mwaka 2002 mkutano ulioitishwa na UNESCO mjini Paris ulizipa zana za namna hiyo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema ni rasilimali huria za elimu. Leo zimo za hisabati, za biolojia, za historia na za lugha. Hatutaziorodhesha hapa, maana orodha haimfundishi mtu. Tutachukua zana moja na jaribio moja, kisha tuulize: je, kompyuta yaweza kushika mahali pa maabara?

Zana yenyewe

Zana tuliyoichagua yaitwa PhET. Ni mkusanyo wa majaribio ya kuigiza ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Ndani yake mna majaribio ya fizikia, kemia, biolojia na hisabati, na baadhi yake yamo katika Kiswahili kwa juhudi za wafasiri wa kujitolea.

Sifa inayotuhusu zaidi ni hii: jaribio laweza kupakuliwa likawa faili moja, likahifadhiwa katika flashi, na kufunguliwa baadaye kwa programu ile ile ya kusomea kurasa za intaneti, bila intaneti yenyewe. Mwalimu aweza kulipakua mjini Jumamosi na kulifungua darasani Jumatatu, mahali pasipo na mtandao kabisa. Penye kompyuta kadhaa, programu ya Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality, huiwezesha kompyuta moja iliyohifadhi masomo kuyagawa kwa nyingine zilizo jirani. Ipo tahadhari moja. Majaribio ya zamani ya PhET yalitungwa kwa Java na Flash, na Flash iliachwa mwishoni mwa mwaka 2020. Mwenye mafaili ya miaka ile na apakue mapya.

Kwanza kijiwe

Twashauri kompyuta ibaki imezimwa katika kipindi cha kwanza. Kila kundi la wanafunzi lichukue uzi, kijiwe, rula na saa. Saa ya simu hufaa. Kijiwe kifungwe kwenye uzi na kuning'inizwa kwenye msumari au tawi. Urefu wa pendulamu hupimwa kutoka mahali uzi uliposhikwa hadi katikati ya kijiwe, wala si hadi kwenye fundo, kosa ambalo hufanywa na kundi moja au mawili katika kila darasa.

Kijiwe kivutwe kando kidogo, pembe isizidi nyuzi 10, kisha kiachwe bila kusukumwa. Kwenda na kurudi ni mbembeo mmoja. Wanafunzi wapime muda wa mibembeo 20 na kuugawanya kwa 20. Wafanye hivyo kwa urefu wa sentimita 25, 50 na 100, wakirudia kila kipimo mara tatu.

Anayetaka kupima kabla ya kujua jibu na aruke aya hii. Muda wa mibembeo 20 utakuwa karibu na sekunde 20.1 kwa sentimita 25, sekunde 28.4 kwa sentimita 50, na sekunde 40.2 kwa mita nzima. Yaani urefu ukizidishwa mara nne, muda huzidi mara mbili tu, kwa sababu muda wa mbembeo hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Kijiwe kikibadilishwa kwa kizito zaidi, na urefu ukabaki ule ule, muda haubadiliki. Jambo hili wanafunzi wengi hawaliamini mpaka walione, na hapana ubao utakaowaaminisha.

Kundi moja huenda likapata 39.6, jingine 40.9. Mwalimu asione haya kwa tofauti hizo, wala asizifute. Awaulize wanafunzi zimetoka wapi: kidole kilichochelewa kubonyeza saa, uzi ulionyooka zaidi kwa uzito wa jiwe, mtu aliyesema "moja" badala ya "sifuri" kijiwe kilipoachwa. Hapo ndipo somo lilipo.

Kisha kompyuta

Sasa lifunguliwe jaribio la pendulamu la PhET. Mna rula, saa, na vidhibiti vya urefu, tungamo, mvutano na msuguano. Mwalimu asianze kwa kueleza vitufe. Wanafunzi waandike kwanza utabiri wao daftarini, halafu wasogeze kidhibiti. Asiyeandika utabiri huangalia picha tu.

Kompyuta hufanya mambo mawili ambayo kijiwe hakiwezi. La kwanza ni kubadili mvutano: pendulamu hupelekwa Mwezini au Sumbula kwa kubofya tu. La pili ni pembe kubwa. Vitabu vingi husema kwamba muda hautegemei upana wa mbembeo, na Galileo naye alishikilia hivyo. Msuguano ukiondolewa na pendulamu ya mita 1 ikaachwa kutoka nyuzi 60, mibembeo 20 huchukua karibu sekunde 43 badala ya 40. Kanuni ya kitabuni ni ya pembe ndogo peke yake. Christiaan Huygens alilieleza hili mwaka 1673 katika kitabu chake kuhusu saa za pendulamu.

Zinapotofautiana

Kompyuta haikosei kupima, na huo ndio upungufu wake mkubwa kwa mwanafunzi. Uzi wake haunyooki, wala kijiwe chake hakigongi mguu wa meza. Aliyejifunza kwa kompyuta peke yake hajapata kukutana na namba inayokataa kulingana na nyingine.

Tena, Dunia ya programu hii ina mchapuko wa mvutano wa mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Hiyo ni Dunia ya Ulaya. Kwenye ikweta, katika usawa wa bahari, kiasi hicho ni 9.78. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, mji ulio karibu na ikweta, akaona inachelewa zaidi ya dakika 2 kila siku, ikambidi aifupishe pendulamu yake. Shule zetu za Afrika Mashariki ziko karibu na ikweta kama Cayenne. Kidhibiti cha mvutano na kiwekwe basi 9.78 kabla ya kulinganisha na kijiwe, na mwanafunzi aambiwe sababu.

Maswali

1. Kwa nini tulipima mibembeo 20, wala si mmoja?

2. Mchapuko wa mvutano Mwezini ni 1.62. Kokotoa muda wa mbembeo mmoja wa pendulamu ya mita 1 huko, kisha hakiki kwa kompyuta.

3. Katika jaribio la PhET imo Sayari X, ambayo mvutano wake umefichwa. Utafute kwa kutumia rula na saa, ueleze hatua zako.

4. Kwa pendulamu ya mita 1, mvutano wa 9.81 na ule wa 9.78 hutofautisha mibembeo 20 kwa sekunde 0.06 tu. Ukihesabu mibembeo 200 ya kijiwe chako, tofauti itakuwa kiasi gani, na je, rula uliyo nayo yatosha kukuwezesha kuitambua?