Kuchagua Springi za Gari Dogo

Wenzangu, siku hizi huuzwa springi zilizofungwa pamoja na shokapu yenye hesi. Ukizungusha nati iliyo chini ya springi, gari huinuka au hushuka. Wenye magari wengi hudhani kwamba wakiipandisha nati wamepata springi ngumu zaidi. Sivyo.

Robert Hooke, Mwingereza, alieleza mwaka 1678 kwamba springi hufupika kwa kadiri ya uzito inaouchukua. Tuseme kila springi ya nyuma hufupika milimita 1 kwa nyutoni 20. Pakia nyuma viazi vya Nyabihu, kilo 160. Kila springi yaongezewa kilo 80, yaani nyutoni 800 hivi, nayo hufupika milimita 40. Sasa pandisha nati milimita 40. Gari tupu litasimama juu (na wengi hupenda sura hiyo), lakini mzigo ule ule utalishusha milimita 40 zile zile. Tena gurudumu la gari tupu limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka. Likikuta shimo, shokapu hugonga mwisho wake.

Ugumu umo katika chuma chenyewe. Waya ukinenepa kutoka milimita 12 hadi 13, ugumu huzidi kwa zaidi ya thuluthi moja.

Basi mwenye kupakia viazi kila siku kuja Gisenyi, mimi ningemchagulia springi ya nyutoni 30: itafupika milimita 27 tu. Lakini anunue na shokapu inayoiweza, kwani shokapu dhaifu huliacha gari likirukaruka katika kona za mteremko.