Mshipa wa Kusafishia Damu Ukipunguza Mtetemo, Usingoje

Ikiwa wewe au jamaa yako husafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimeshindwa, huenda uhai wenu unategemea mshipa mmoja wa mkono. Mshipa huo huitwa fistula. Usiuchanganye na ile fistula ya akina mama inayoletwa na uzazi mgumu.

Fistula ni nini?

Daktari mpasuaji huunganisha ateri, inayotoa damu moyoni, na vena, inayoirudisha. Baada ya wiki kadhaa vena hupanuka na kukomaa, ikaweza kudungwa sindano nene mara kwa mara. Njia hii ilielezwa na madaktari wa New York mwaka wa 1966, na ingali inatumika.

Dalili za hatari

Fistula yaweza kuwa nyembamba ndani, kisha damu igande na kuiziba. Kila asubuhi iguse kwa vidole. Ikiwa nzima, hutetema kama mvumo wa nyuki. Mtetemo ukipungua, mkono ukivimba, au damu ikikawia kukatika baada ya sindano kutolewa, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo. Mtetemo ukitoweka kabisa, nenda hospitali mara moja.

Hutibiwaje?

Daktari huingiza mrija mwembamba wenye puto, akalijaza mahali palipobana ili papanuke. Mara nyingi hupitia kwenye vena yenyewe. Njia nyingine ni ateri ya kifundo cha mkono: kwa tundu moja huweza kufikia ateri, kiungio na vena, bila kuitoboa fistula. Kwanza lazima ahakikishe kwamba ateri ya pili inalisha kiganja vya kutosha, kwa kuwa ile iliyodungwa yaweza kuziba.

Wewe mchuma chai

Kericho na Bomet damu husafishwa katika hospitali za rufaa za kaunti, ile ya Kericho na ile ya Longisa. Lakini kazi ya puto huhitaji eksirei maalum isiyopatikana kila hospitali. Uliza mapema utatumwa wapi.

Kamba ya kikapu isibane mkono wa fistula, wala usiinue gunia kwa mkono huo. Usivae saa hapo, usiulalie, wala usikubali upimiwe presha au utolewe damu hapo. Mshipa ukipotea, kupata mwingine si rahisi.