SOMO LETU: MAHAKAMA YA RUFANI NA WATU WAKE

Hapa Chidya mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Nitakata rufani mpaka juu kabisa." Je, huko juu ni wapi, na mtu hufikaje? Tujifunze pamoja.

Zamani Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa na mahakama moja ya rufani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo nayo ilikwisha. Ndipo mwaka 1979 tukapata Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ambaye alishika kazi hiyo hadi mwaka 2000. Husikiliza rufani za Bara na za Zanzibar pia, isipokuwa baadhi ya mashauri, kama yale yaliyoanzia Mahakama za Kadhi, ambayo huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Tuchukue mfano wa mirathi. Shauri huanza Mahakama ya Mwanzo. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Mtwara. Akitaka kuendelea, lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kwamba ipo hoja ya sheria inayostahili kuamuliwa na Mahakama ya Rufani. Kumbe hasira peke yake haitoshi.

Huko juu mashahidi hawaitwi upya. Majaji watatu husoma kumbukumbu za shauri zima na kusikiliza hoja za pande zote mbili. Kwa hiyo neno ambalo hukulisema Mahakama ya Mwanzo ni vigumu kulisema huko. Katika jambo zito sana majaji huongezwa. Mwaka 2010, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, walikaa majaji saba.

Watumishi wake ni nani? Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, nao hustaafu wakiwa na miaka 65. Yuko Msajili, anayepokea nyaraka na kupanga mashauri. Wako makarani, ambao jalada likipotea mikononi mwao, haki ya mtu huchelewa. Hata askari magereza wana sehemu yao: mfungwa asiye na wakili humkabidhi mkuu wa gereza taarifa yake ya rufani, naye huipeleka.

Kanisa letu linamkumbuka Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania tangu 2007 hadi 2010. Baada ya kustaafu alipewa daraja la upadre. Alifariki mwaka 2020.

Labda mtu atasema, "Mambo hayo ni ya wakubwa." Sivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, hali mvulana alitakiwa awe na miaka 18. Rebeca Gyumi alipeleka shauri, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo. Basi uamuzi wa huko juu unawagusa mabinti wa vijiji vyetu wenyewe.

Jambo la kushika ni hili: siku hazimngoji mtu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo unazo siku 30 za kukata rufani. Kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa hutolewa katika siku 30 tangu hukumu. Mjane anayekaa nyumbani akingoja shemeji zake walainike moyo, huku siku zikipita, anaweza kupoteza shamba lake la mikorosho ingawa haki ilikuwa yake. Tumsaidie mapema: tumsomee hukumu, tumwandikie barua, tumsindikize mahakamani.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini ni lazima kusema ukweli wote tangu Mahakama ya Mwanzo?
2. Katika mtaa wetu, ni nani asiyejua kusoma ambaye ana shauri? Nani atakwenda naye?